Masomo Mawili

Mama mmoja alikuwa fundi wa maabara katika shule ya sekondari, mwenye stashahada yake na mdomo usiobembeleza mtu. Wanafunzi walimwita Mama Asidi. Alilijua jina hilo na wala halikumkera. Watoto wake wakubwa walikuwa wameshajitegemea. Aliyebaki mikononi mwake ni kitinda mimba, kijana mpole aliyekuwa chuo kikuu akisomea ualimu wa sekondari.

Anayesomea ualimu huchagua masomo mawili ya kufundisha, na akishayachagua ndiyo hayo mpaka astaafu. Mwaka wake wa kwanza kijana alirudi nyumbani na kusema, kwa kujiumauma, kwamba alikuwa akifikiria Jiografia na Historia. Mama alikuwa akipiga pasi. Hakuinua hata kichwa. Alimwambia Historia ni mambo yaliyokwisha, anayafukuzia nini? Na walimu wa Jiografia wamejaa mitaani mpaka wanauza mitumba, wakati wa sayansi wanatafutwa kwa tochi. Achukue Kemia na Biolojia, mambo ya maabara atamfundisha yeye mwenyewe. Kijana akasema sawa. Kwa mama, sawa ni sawa. Hakuwa na tabia ya kuikagua mara mbili.

Alipofika mwaka wa pili, kijana alipangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule ile ile ya mama yake. Mama akafurahi mpaka walimu wakamtania kwamba harusi ni lini. Alimwandalia bureti, mirija ile ya kupimia, na vimiminika, kisha akakaa chumba cha nyuma, mlango wazi kidogo, akimsikiliza. Kijana hakukosea. Kila alichosema kilikuwa sahihi, na kilikuwa kimepoa kama chai iliyosahauliwa mezani. Kabla ya kengele, wanafunzi walikuwa wameshafunga mikoba. Mama alijiambia mtoto bado mgeni, atazoea.

Kisha mwalimu wa Jiografia akaugua, na makamu mkuu wa shule akamtupia kijana kipindi chake cha kidato cha pili, ilimradi darasa lisipige kelele. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Mama alikuwa akisuuza vyombo aliposikia vicheko nje, akachungulia dirishani akiwa tayari kufoka.

Kijana alikuwa amechuchumaa kando ya mfereji uliochimbwa na maji yanayomwagika kutoka batini, suruali imelowa matope mpaka magotini, darasa zima limemzunguka. Alikuwa akiwaonyesha jinsi maji yanavyokula udongo upande wa nje wa kona na kuutua upande wa ndani.

"Sasa wewe ndiye mto," alimwambia msichana mmoja mrefu. "Una haraka zako, unafika hapa kwenye kona. Unagonga wapi?"

Msichana akapiga ukingo wa nje kwa kiatu, udongo ukaporomoka, wenzake wakashangilia. Kengele ikalia. Hakuna aliyeondoka.

Mama alisimama na chupa mkononi, bomba likiendelea kumwaga maji. Sauti ile aliijua. Ndiyo aliyokuwa nayo mtoto akiwa mdogo, alipokuwa akimsumbua kwa maswali njia nzima, kwa nini mlima huu, kwa nini mchanga ule, naye akimwambia anyamaze atembee, wanachelewa.

Siku iliyofuata alipiga simu ofisi ya usajili ya chuo. Akajibiwa kwa adabu kwamba kubadili masomo ni mwaka wa kwanza tu. Anayetaka sasa, aanze upya, na ufadhili wake unakatika. Mama akashukuru na kukata simu, akaenda chumba cha nyuma, akamkuta kijana akipanga bureti.

"Ukitaka kuanza upya, anza," alimwambia. "Mimi na baba yako tutajibana."

"Kuanza upya nini, Mama?"

"Jiografia. Nilikuona jana."

Kijana alitabasamu kidogo bila kumtazama. Alisema aliwahi kwenda kuuliza mwenyewe, dirisha la kubadili masomo likiwa limeshafungwa, akaona hakuna haja ya kumpa mama mawazo. Kurudi nyuma wakati wenzake wanahitimu asingeweza. Kemia haikuwa mbaya, alisema, mtu huizoea. Mama akaanza kueleza kwamba alimtakia kazi ya uhakika, asije akahangaika na vyeti mkononi.

"Najua," kijana alisema. "Lakini yalikuwa masomo mawili, Mama. Ungeniachia hata moja."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angefoka, maana mtu akifoka mama alijua la kumjibu. Nje, kidato cha tatu walikuwa wakisukumana mlangoni. Kijana akavaa koti lake jeupe, akafunga vifungo kimoja kimoja mpaka cha shingoni, akaenda kuwafungulia.