Madirisha ya Asukile

Watu wa huku Uporoto wanasema mimi Ikupa nilimfungia mume wangu jua mpaka akafa. Waseme. Wao walilala kwenye nyumba zenye joto, hawakusikia kifua cha mwanangu kikikoroma usiku kucha.

Asukile alirudi kutoka migodi ya Kusini mwaka hamsini na nne, mapafu yamejaa vumbi. Daktari wa Mbeya alimpima, akatikisa kichwa. Huko migodini alikuwa akiteremka shimoni kabla hakujapambazuka na kutoka giza limeshaingia. Jua alilipata Jumapili tu. Basi akajenga nyumba ambayo kijiji hakijawahi kuiona. Ukuta wa mashariki aliuachia matundu matatu, kila moja kubwa kama mlango, bila mbao wala kioo. Nikamwuliza, baba Tusekile, hii nyumba au zizi? Akacheka mpaka akakohoa. Alitaka akifumbua macho tu aone Mlima Rungwe, mianzi, na ng'ombe wakienda malishoni. Na kweli, asubuhi mwanga ulifika mpaka kitandani, naye akawa amelala humo ametulia. Nilimpenda sana asubuhi hizo.

Kisha ikaja Juni. Baridi ya huku haina adabu. Tusekile, ambaye hata mwaka hajatimiza, akaanza kubanwa na kifua. Mganga wa zahanati aliniambia wazi: mtoto akiendelea kulala kwenye upepo ule, utamzika. Nikachukua mikeka, nikaigongomea misumari kwenye matundu yote. Nyumba ikawa giza totoro. Asukile alinitazama nikigonga, hakuinuka.

"Mama Tusekile," alisema, "umenirudisha shimoni."

"Nitafungua baridi ikiisha, baba."

"Sawa. Mtoto kwanza."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Tangu hapo kila asubuhi alijikokota na blanketi lake, akakaa barazani kungoja jua. Nilimgombeza, nikamsihi, wapi. Kichwa kigumu kama nini. Ukaja ukungu, jua halikutoka kabisa, naye akangoja hivyo hivyo. Asubuhi moja nilimpelekea uji, nikakuta ameshapoa, uso ameuelekeza mashariki.

Siku ya mazishi kulikucha kweupe. Kaka yake, Isakwisa, aliingia kwa kishindo akabandua mikeka yote bila kuniuliza, eti waombolezaji wamwone marehemu vizuri. Jua likamwangukia Asukile kuanzia miguuni mpaka usoni. Nilitaka kukaa naye pale, jamani, nilitaka sana. Lakini upepo nao uliingia, Tusekile akaanza kukohoa, nikambeba nikaenda kukaa kwa jirani, kando ya moto. Wakamtoa mume wangu mimi niko huko.