Bati la Mwanga

Scholastika alinikuta langoni mwa ghala letu, Gerezani, saa moja asubuhi. Nilimsalimu, akanikatiza.

"Marcelino, wewe ndiye uliyeandika kwamba mume wangu alikuwa amelewa?"

"Sikuandika, shemeji. Nilitia sahihi tu."

"Basi umemzika mara mbili."

Mumewe, Augustino, alikuwa fundi mwenzangu wa paa. Tulitoka wote Masasi, tukapanga chumba kimoja Ilala kabla hajaoa. Wiki tatu nyuma tulikuwa juu ya ghala tukiziba matundu ili masika yasilowanishe magunia ya shirika. Augustino akakanyaga bati la mwanga, lile la plastiki linalopachikwa katikati ya mabati mengine ili ndani kusiwe na giza. Jua la miaka mingi lilikuwa limelikausha, na wapaka rangi waliotutangulia walikuwa wamelipaka rangi ileile ya paa zima. Hulitambui hata ukilitazama. Nilipogeuka niliona shimo, na kofia yake pembeni.

Meneja wetu, Ndugu Eliakimu, aliandika ripoti siku hiyohiyo: marehemu alikuwa amelewa; bati lina nguvu ya kubeba mtu. Akaniita ofisini, akanisogezea kalamu. "Una watoto, Marcelino." Augustino hakuwa akionja hata togwa iliyochachuka, nami nilijua. Nikatia sahihi.

"Wanangu wanaitwa watoto wa mlevi," Scholastika alisema. "Leo kamati ya wafanyakazi inakaa. Nitaingia, na wewe utanitazama usoni."

Kamati ilikaa ndani ya ghala saa nne. Mwenyekiti alikuwa Clotilda, mama wa idara ya kushona magunia. Eliakimu hakukaa, alisimama, mikono nyuma.

"Mama ana uchungu, tunaelewa," alisema. "Lakini uzembe wa mtu mmoja hauwezi kuwa kosa la shirika. Bati lile linabeba mtu. Mchoro wa jengo unasema hivyo."

"Mchoro haujaanguka," Scholastika alijibu. "Panda wewe, ukasimame juu yake."

Watu wakaguna. Eliakimu akamnyooshea kidole. "Sitachezewa na mwanamke kikaoni! Mlinzi, mtoe!"

Mlinzi hakusogea. Scholastika akanigeukia mimi. Macho yale yalinichoma kuliko tusi lolote.

Nikainuka. Niliomba watu wasogee ukutani, nikajaza mchanga gunia moja, lisilofika hata nusu ya uzito wa Augustino, nikapanda nalo paani kwa ngazi. Nilijifunga kamba kiunoni, nikaifunga kwenye kenchi inayobeba paa, nikalaza mbao mbili juu ya paa na kutambaa juu yake. Nilipofika kwenye bati la mwanga lililokuwa bado zima, nikalisukumia gunia.

Halikukaa hata kitambo cha kuvuta pumzi. Bati lilipasuka, gunia likashuka hadi sakafuni, likatawanyika hatua chache kutoka kwenye viatu vya Eliakimu.

"Umeharibu mali ya umma!" alifoka akitazama juu, uso umejaa vumbi. "Shuka! Kazi huna!"

Nilichungulia kwenye tundu. "Ndugu wajumbe, Augustino hakuwa amelewa. Sahihi yangu ni ya uongo. Niliogopa."

Kelele zilizozuka ziliwaita hata wachuuzi wa mtaani. Eliakimu alitaka kuichukua ripoti iliyokuwa mbele ya mwenyekiti, Clotilda akaikalia. "Hutoki nayo, ndugu," alimwambia. "Kwanza tunafuta neno 'amelewa'."

Neno likafutwa. Mimi nilipewa barua ya onyo kwa kusema uongo, na niliistahili. Eliakimu alihamishiwa tawi la Tanga na cheo chake kilekile. Lakini kabla ya mvua kubwa tulifunga wavu wa chuma chini ya kila bati la mwanga, tukapaka kingo zake rangi ya manjano, na kamati ikaamuru fundi asipande bila mbao za kukanyagia na kamba.

Siku tulipomaliza, Scholastika alikuja kukagua. Alizunguka ghala zima, shingo ameiinua, akihesabu nyavu kwa midomo.

"Sijakusamehe," aliniambia.

"Najua, shemeji."

"Ule wa kona umelegea."

Nikachukua ngazi, nikapanda kuukaza.