Mikanda ya Mosh

Tangu arudishwe kutoka kwa daktari, Mosh alikuwa akitembea kinyumenyume. Kola ya plastiki aliyovishwa shingoni, pana kama faneli ya kumiminia mafuta, ilimfanya aamini kwa akili yake ya kipaka kwamba kuna mtu kamkamata kwa mbele, na aliyekamatwa kwa mbele dawa yake ni kurudi nyuma. Basi akarudi nyuma ua mzima, akapita chini ya mforsadi, akaangusha birika la chai, akaenda kukwama kati ya tanuri la mkate na ukuta.

Oyniso akamchomoa taratibu, akamgeuza kutazama tumbo. Mshono ulikuwa salama. Akashusha pumzi, kama alivyoshusha asubuhi, na kama ambavyo angeshusha tena kabla ya adhuhuri.

Mtu angeweza kusema jamani, ni paka tu. Lakini wazo la kumtoa Mosh kizazi lilikuwa la Oyniso, na Oyniso alikuwa ameolewa miaka kadhaa katika nyumba ile ya mjini Marghilon, bila mtoto. Uzazi wa mwisho ulitaka kumuua yule paka, na daktari alisema mwingine utamaliza kazi. Elmurod, mumewe, alipopigiwa simu akiwa safarini na lori lake, alijibu, "Muulize mama." Mama mkwe, Risolat, mwanamke mwembamba mwenye maneno machache, alisema, "Fanya uonavyo." Alisema hivyo huku akimtazama paka, si mkaza mwana wake.

Mtaa haukuchelewa. Tursunoy, jirani wa ukuta kwa ukuta, alileta bakuli la pilau ili apate kuona.

"Ndiye huyu?" akauliza, akiinama juu ya Mosh. "Maskini. Hata mimba za paka watu wanazionea wivu siku hizi." Kisha akamgeukia Oyniso kwa sauti tamu. "Nakutania, mwanangu. Lakini akifa huyu, midomo ya watu huijui."

Oyniso aliijua sana. Mdomo mkubwa kuliko yote ulikuwa umesimama mbele yake na bakuli mkononi. Ila kilichomkosesha usingizi hakikuwa mtaa. Ni mama mkwe. Mshono ukifumuka, paka akafa, Risolat hatasema kitu, atanyamaza tu, na Oyniso ataishi ndani ya kimya hicho mpaka azeeke.

Basi akawa mlinzi. Kila asubuhi, akishafagia ua na kumwinamia mama mkwe kwa salamu kama desturi, alikaa na paka. Alikula na paka, akasinzia ameketi na mkono juu ya paka. Akakonda, macho yakaingia ndani.

Siku alipolazimika kwenda sokoni, alimwachia mama mkwe. "Mama, kola isitolewe. Hata akilia."

"Nimelea watoto, Oyniso."

Sasa sikia. Mwanamke aliyelea watoto hawezi kumwona kiumbe anashindwa kula akavumilia. Mosh aliisukuma sahani kwa ukingo wa kola, ikaenda. Akaifuata, akaisukuma tena, ikaenda. Walizunguka hivyo, paka na sahani, mpaka Risolat akasema, "Hata mfungwa huachiwa mdomo wake." Akaifungua kola. Akaiweka pale anapoweka kila kitu anapokuwa na haraka, juu ya mdomo wa tanuri. Na siku hiyo ilikuwa ya kuoka mkate.

Oyniso aliporudi alipokewa na harufu ya plastiki. Kola ilikuwa imenywea ikawa kama chapati iliyokunjwa. Mosh alikuwa kwenye kitanda cha uani, mguu mmoja juu, anajilamba tumbo kwa bidii ya mtu anayefua nguo ya sikukuu.

Akamrukia. Uzi mmoja ulikuwa umelegea na ngozi imekuwa nyekundu. Akasaka simu, akampigia daktari.

"Kidonda kimeachama?" daktari akauliza.

"Hapana. Kimevimba kidogo."

"Kisafishe kama nilivyokuonyesha. Ila dada, sikufichi. Akikichokonoa tena, kitafunguka chote, na hapo siahidi kitu. Mvishe kola."

"Kola imeungua."

"Imeungua?" daktari akauliza. Huenda hakuwahi kuambiwa hivyo. "Sina nyingine mpaka niletewe. Mzuie kwa namna yoyote."

Risolat alikuwa amesimama pembeni, mikono ndani ya aproni. "Alikuwa na njaa," akasema. Ikawa ndiyo radhi yake yote.

Wakajaribu. Risolat alichukua shungi lake la kichwa akamfunga Mosh kama wanavyofunga watoto wachanga kwao, mikono imenyooshwa ubavuni, miguu imenyooshwa, kitita kimoja kizuri chenye uso wa hasira juu. "Ona," akasema, "Elmurod alikuwa akitulia hivi hivi." Akageuka kumimina chai. Alipogeuka tena, shungi lilikuwepo, limefungwa vilevile vizuri, bila paka.

"Elmurod hakuwa na kucha, mama," Oyniso akasema. Alitaka kucheka, yakaja machozi.

Risolat akamtazama vizuri, pengine kwa mara ya kwanza tangu siku ya daktari. "Nenda kalale."

"Na Mosh?"

"Nimekwambia kalale. Namshika mwenyewe, na leo hata akinisomea Kurani simwachii."

Oyniso akalala mchana ule kama gogo. Alipoamka, jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa ua, na alisikia mkasi. Krii, krii, katika kitambaa kizito. Akatoka.

Mama mkwe ameketi kitandani pale uani, Mosh amebanwa baina ya magoti yake. Mbele yake sanduku lake la chumbani lilikuwa wazi, na mapajani alikuwa na mikanda.

Hapakuwa na haja ya kumwambia Oyniso mikanda gani. Alionyeshwa siku alipoletwa bibi harusi. Mikanda mipana ya mahameli mekundu, yenye pamba ndani, ya kumfungia mtoto katika kitanda chake cha kubembeza asijirushe. Kitanda kipya kingeletwa na mama wa bibi harusi mtoto wa kwanza akizaliwa, ndiyo desturi, lakini mikanda ilitoka nyumba hii. Ilimfunga baba yake Elmurod, ikamfunga Elmurod. "Na atakayekuja," Risolat alisema siku ile, akaikunja, akaifungia sandukuni.

Mmoja ulikuwa umeshakatwa vipande viwili. Mkasi ulikuwa katika wa pili.

Oyniso alikodolea macho vile vipande. Basi ndiyo hii, akajiambia. Kimya kimesema. Amekata tamaa nami, na ameona bora mikanda avishwe paka.

"Mama," akasema, na sauti ikamtoka nyembamba. "Si ungeniambia tu."

"Nikwambie nini?"

"Kwamba hutarajii tena. Ningeelewa. Lakini kuikata mbele yangu, mama, kwa ajili ya paka niliyemfunga kizazi mimi..."

Risolat akaweka mkasi chini, akambana Mosh aliyekuwa anajitayarisha kutoroka. "Kaa," akasema. "Shika miguu ya nyuma huku tunazungumza, usije ukalia halafu akapata nafasi."

Oyniso akakaa. Akashika miguu. Alikuwa analia na anashika.

"Kila masika natoa sanduku hili nje kupunga hewa," Risolat akasema, akitunga uzi. "Na kila masika unapata kazi jikoni. Sahani zimeoshwa, unaziosha tena. Unadhani mimi kipofu? Mwanzoni nikasema, ana haya. Baadaye nikasema, ananichukia. Mwaka huu ndio nimejua kwamba unaliogopa sanduku." Akavuta sindano. "Nyumba yangu mwenyewe, na mtoto wangu anaogopa kupita karibu na sanduku. Nimelifanya la kutisha mimi, kwa kukaa kimya."

"Mama, mimi..."

"Ngoja, sina kawaida ya kusema mengi, nikikatizwa nitaacha. Mungu akijalia mtoto, atafungwa kwa chochote, tutampasulia hata pazia. Asipojalia, hii mikanda ilikuwa inaliwa na nondo mle ndani, na wewe ulikuwa unaliwa na mikanda. Mchana nilikuangalia umelala, mashavu yamebonyea. Nikajiuliza, kati ya vitu hivi viwili, moyo wangu nimeuweka kwenye kipi?" Akakata uzi kwa meno. "Mwinue mkono wa kushoto. Wa paka."

Oyniso akauinua. Kulikuwa na kitu kizito alichokibeba kifuani miaka, na hakujua ukubwa wake mpaka pale kilipomtoka. Aliegemeza kichwa kwenye bega la mama mkwe, na mama mkwe hakusogea, aliendelea tu kushona.

Nguo ilitoka nzuri: tumbo zima mahameli, matundu manne ya miguu, na vifundo mgongoni ambako ulimi wa paka haufiki. Mosh alijaribu. Aliinama, akalamba mahameli, akayaona hayana ladha. Kisha akasimama, akanyanyua mguu mmoja, akautafakari, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye sahani yake. Mbele, si nyuma. Akala.

Kuanzia hapo Oyniso alilala kitandani kwake. Uwekundu ulitulia, ngozi ikashikana, na daktari alipotoa nyuzi aliigeuza ile nguo huku na huku, akauliza kama wanaweza kumshonea nyingine kwa ajili ya wagonjwa wake.

Siku hiyo hiyo Oyniso aliifua akaianika kwenye kamba ya uani. Ilining'inia pale, nyekundu, saizi ya mtoto mchanga kabisa, na upepo unaichezesha. Haikupita hata saa, Tursunoy akaingia, eti kufuata bakuli lake.

"Risolat, shoga yangu," akasema, macho kwenye kamba, "na hamkuniambia. Ile si mahameli ya mikanda yenu? Kumbe kuna mgeni njiani. Oyniso, mwanangu, hongera."

Oyniso alisubiri ule uchungu wa siku zote uje. Haukuja. Akamtazama mama mkwe.

"Ni ya paka," Risolat akasema.

"Ya paka? Mikanda ya kitanda cha mtoto?"

"Ya paka. Na kitambaa kimebaki." Risolat akamrudishia bakuli, limejaa zabibu kavu maana halirudi tupu. "Nilikuwa namwambia mwanangu hapa, nikushonee na wewe. Ya mdomo."

Oyniso alicheka mpaka akaketi chini ya kamba ya nguo, na Mosh akaja akamlalia mapajani, tumbo juu.