Anayeitwa Doto

Tangu kiboko amuue Kulwa kwenye majaruba ya mpunga kule Majimoto, hakuna mtu aliyethubutu kumwita pacha wake kwa jina lake. Angethubutu nani? Ukisema Doto, Kulwa naye umemtaja, hata usipofungua tena kinywa. Basi akawa Mama Wema kwa kila mtu, mpaka kwa mama yake mzazi, Yustina. Nguo za marehemu zikafichwa, picha yake ikatolewa ukutani. Walidhani wanamhurumia, maskini.

Doto alikuwepo siku ile, anapandikiza miche hatua chache tu kutoka kwa kaka yake. Tangu hapo, maji yakimwagwa kwenye beseni tu, anapiga yowe. Usingizi ukamkimbia. Mtoto akimlilia, anamtazama tu. Vidonge alivyopewa alimeza miezi na miezi, wapi! Siku alipomwambia mumewe waziwazi kwamba amechoka kuishi, Hezron hakungoja kesho. Alimpeleka hospitali Mpanda, na Yustina akafuata nyuma na kanga begani.

Daktari Evaline, wa magonjwa ya akili, alitaja dawa inayoitwa ketamini.

"Si ndiyo ile ya kulaza watu wanaopasuliwa?" Hezron akashtuka.

"Ndiyo hiyo hiyo shemeji, ila kidogo sana, kwa dripu."

Doto akainua uso. "Itanisahaulisha?"

"Ikusahaulishe tu, mwanangu!" Yustina alidakia. "Usahau yote, upone!"

Loo! Doto aliuvuta mkono wake, akaukumbatia kifuani. "Basi siitaki. Nirudisheni nyumbani."

Daktari akawaomba wale wawili watoke, akavuta kiti.

"Dada, dawa hii haifuti mtu. Mshtuko ule umenyausha vitawi vya seli za ubongo wako. Tunavyoelewa, dawa hii husaidia vichipue tena, tena haraka, hata ndani ya siku moja. Sikudanganyi, si kila mtu inamsaidia. Na hata ikisaidia, tusipokaa tukaongea, hali inaweza kurudi." Akamsogelea. "Ukimkumbuka kaka yako, unamwona wapi?"

"Mdomoni mwa kiboko."

"Na kabla ya hapo?"

Doto akatafuta. Akatafuta utoto wao, sauti yake, cheko lake. Hakupata kitu, ni maji tu na damu. Hofu iliyomshika hapo ilizidi ile ya siku ya kiboko. Jamani, kumbe Kulwa ameshafutika, na dawa yenyewe hajaigusa! Akanyoosha mkono.

Dripu ilipoanza, dari lilisogea mbali, na miguu yake ikawa haijui iko wapi. Aliogopa. Evaline akamshika kiganja mpaka ikaisha.

Kesho yake asubuhi nesi alimimina maji kwenye beseni karibu na kitanda. Doto alishtuka, lakini hakupiga yowe. Nesi akaondoka. Mara, bila kutafuta chochote, akamwona Kulwa mdogo amechuchumaa jikoni, anakwangua sufuria, mashavu yamejaa ukoko. Doto akacheka. Kicheko kikageuka kilio, kilio cha sauti, ambacho hakulia hata msibani.

Yustina akaja mbio. "Mama Wema! Nini tena?"

"Mama, ukoko alikuwa anakula Kulwa. Halafu ananisingizia mimi."

Yustina akaziba mdomo kwa kanga. Jina lile halikuwa limetajwa mbele yake tangu mazishi.

"Na mimi niite jina langu, mama. Nimechoka kuwa Mama Wema."

Mama alijaribu, likatoka lile lile la Mama Wema. Akakaa kitandani, akajaribu tena.

"Doto," alisema, machozi yanamtiririka. "Doto mwanangu, nilijua siku zote kwamba mwizi wa ukoko ni yeye."

"Sasa mbona ulikuwa unanichapa mimi?"