Jogoo Mwekundu wa Martin

Beartla alimshika jogoo shingoni, akaizungusha mara moja kama mtu anayekamua nguo, na jogoo akafa bila kutoa hata tone la damu.

Sabina alikuwa ndiyo kwanza anaingia uani na ndoo ya maziwa. Ndoo ikamponyoka.

"Shemeji! Umefanya nini?"

"Nimeua kuku. Kwani hapa kwenu kuku wanakufaje? Kwa uzee?"

"Huyo si wa mchuzi! Huyo ni wa Martin!"

"Basi Martin aje na sahani yake."

Aliyezaliwa kwenye vilima vile vya magharibi ya Ayalandi angeidondosha ndoo kama Sabina. Huko, baridi inapoanza kuuma, kila nyumba humwaga damu mkesha wa siku ya Mtakatifu Martin. Mwenye nacho huchinja kondoo, asiye nacho huchinja kuku, na damu hupakwa kizingitini, kwenye pembe nne za nyumba, na msalaba mdogo kwenye paji la uso la kila mtu. Lakini lazima imwagike. Damu iliyobaki ndani ya mnyama si sadaka, ni nyama tu.

Tena yule jogoo alikuwa na jina la mtu. Kiangazi kile Feichin, mume wa Sabina, alipigwa na homa mpaka padri akaja kumpaka mafuta ya wanaokufa. Mama yake, bibi Nabla, akambeba yule jogoo, wakati huo kifaranga bado, akamzungusha kitanda cha mwanawe akisema, "Martin, niachie huyu wangu, nami nitakupa huyu wako." Feichin akaamka akaomba viazi. Ndege akishatajwa hivyo hauzwi, hapewi mgeni, habadilishwi na mwingine. Beartla, mwana mkubwa wa Nabla, hakuwepo. Alikuwa Amerika miaka mingi, na aliporudi kukishika kinu cha marehemu baba yao, alirudi na meno mawili ya dhahabu na ulimi mkali.

Nabla hakupiga kelele. Alimwokota jogoo, akamkata shingo kwa kisu cha jikoni, akamning'iniza miguu juu. Ikatoka damu nzito, nyeusi, ikasita kwenye manyoya, ikakataa kudondoka.

"Imeganda," alisema. "Martin hajapata kitu."

"Mama, mimi Chicago nilichinja ng'ombe kutwa, wiki baada ya wiki," Beartla akasema. "Kama damu ingeleta baraka, ningerudi hapa askofu."

Walichinja tetea, wakapaka walipopaka, lakini kila mmoja alijua kwamba tetea yule si yule aliyeahidiwa.

Jioni walikaa motoni wamenuna. Nabla alikuwa malkia wa vitendawili kijiji kizima, na Feichin akajaribu kumchangamsha.

"Mama, kitendawili!"

"Tega," alisema Nabla, bila hamu.

"Nakunywa mto mzima sishibi, natembea mwaka mzima sifiki."

Hata paka alilijua jibu: gurudumu la kinu. Lakini hakuna aliyelitaja. Martin, wasemavyo wazee wa huko, aliuawa kwa kusagwa na gurudumu, ndiyo maana siku yake gurudumu haligeuki. Si la mkokoteni, si la kusokotea sufu, sembuse la kinu.

"Mmeshindwa? Nipeni mji basi."

"Chukua mji wowote uutakao, mwanangu," Nabla akasema. "Ila kesho usiende kinuni."

Mvua ilinyesha hadi asubuhi, na mto ukaja umefura, rangi ya chai. Beartla alisimama mlangoni akiutazama kama mtu anayetazama chakula.

"Maji kama haya hayatarudi mpaka baada ya Krismasi. Leo tunasaga."

"Kaka, leo ni Martin," Feichin akasema.

"Jana jogoo, leo gurudumu. Kesho mtaniambia nisijikune. Chukua mtaimbo, twende."

Feichin alikuwa mtu mpole. Tangu utoto kaka akisema twende, yeye alikuwa ameshavaa viatu. Akauchukua mtaimbo. Sabina akamzibia njia, mkononi ana kisu.

"Nipe kidole. Kidole cha mwisho, tone moja tu. Asiye na mnyama hujikata mwenyewe, unajua. Tumlipe, yaishe."

"Sabina, mimi si kuku."

"Feichin, nakuomba. Deni lile lina jina lako, si la mtu mwingine."

Alicheka, akambusu kwenye nywele, akapita.

Sabina alibaki jikoni. Kisha akasikia lango la maji likifunguliwa, na gurudumu likilia mlio mrefu kama ng'ombe anayezaa. Halafu kimya. Gurudumu limekwama. Alijua maana yake: mafuriko yameleta gogo, na anayeshuka kwenye shimo la gurudumu kulitoa ni Feichin, siku zote ni Feichin, kwa kuwa ni mwembamba. Akakimbia na kisu chake.

Alimkuta ameshavua koti, mkono mmoja umeshika nguzo, mguu mmoja umeshaning'inia shimoni. Chini yake maji yalikuwa yananguruma.

Sasa tone peke yake halikumtosha. Alitaka tone la Martin, na alitaka mkono usioweza kushika chuma siku ile. Akaukamata ule wa kulia, akakipitisha kisu kiganjani kote, kutoka kidole cha shahada hadi kifundo. Nyama ikafunguka nyeupe kwanza, kisha nyekundu.

Feichin alipiga ukelele, akaanguka ndani sakafuni.

"Mwendawazimu!" Beartla akamtandika Sabina ngumi ya mdomo. Akaanguka juu ya magunia, jino likatoka na mate. Beartla akampiga teke la mbavu, akamwongeza la pili. La tatu halikufika, maana Feichin, aliyekuwa hajawahi kumwinulia kaka yake hata sauti, alimrukia kwa nyuma akamgonga uso kwenye nguzo. Pua ikavunjika. Wakakamatana, watu wazima wawili waliolelewa kitanda kimoja, wakapigana viwiko na magoti, wakang'atana, wakabiringika kwenye unga mpaka wote wakawa weupe na wekundu.

Beartla ndiye aliyejikwamua kwanza. Akatema damu, akaokota mtaimbo.

"Nitashuka mwenyewe."

"Kaka, acha. Kaka, maji yale hayana mzaha."

"Kaa na mkeo akushone."

Akashuka. Wakamsikia akiguna na kutukana, akilisukuma gogo. Likachomoka ghafla, na gurudumu, lenye mto mzima mgongoni, likaruka. Likamdaka mguu.

Hakumwita Martin wala Mungu. Aliita, "Feichin!"

Feichin akajitupa kifudifudi ukingoni, akampata. Alimshika kifundo cha mkono, naye mtu wakati kama ule hachagui mkono wa kushikia. Alishika kwa wa kulia. Sabina akamrukia mumewe miguuni, akavuta kwa nguvu zote, mbavu zake zikimchoma. Na waliweza! Uso wa Beartla ulianza kupanda, macho yamemtoka, meno ya dhahabu yanang'aa. Kiwiko chake kikafika ukingoni.

Kisha damu ya kiganja cha Feichin ikaingia katikati ya mikono yao, ikateleza kama sabuni. Kifundo kikawa kiganja. Kiganja kikawa vidole. Vidole vikawa kucha.

Gurudumu lilimchukua chini, likamrudisha juu, likamchukua tena. Liliendelea hivyo mpaka majirani walipofika kufunga lango.

Walimlaza uani juu ya mlango uliong'olewa. Wazee wakavua kofia, wakanong'ona kwamba Martin amechukua chake. Nabla alipiga magoti, akamfuta mwanawe unga usoni kwa kitambaa chake cha kichwa, pole pole, hata ndani ya masikio.

"Nilimwombea mmoja tu," alisema. "Huyu alikuwa mzima. Sikuona haja."

Wanawake wakamzunguka Sabina wakimpa pole kwa mdomo uliovimba, na mmoja akamwambia, "Lakini Mungu mkubwa, mama. Wako amepona."

Amepona, ndiyo. Alikuwa amekaa juu ya jiwe la kinu, mkono wa kulia umeachwa wazi gotini kama kitu asichokijua ni cha nani. Sabina akachana sketi yake ya ndani, akachutama mbele yake, akaanza kumfunga. Mzunguko wa kwanza Feichin alimwachia. Wa pili, akauvuta mkono wake.

"Nilikuwa nimemshika," Feichin akasema.

"Najua."

"Sabina, nilikuwa nimeshamshika."

Sabina akabaki amechutama pale, kitambaa mkononi, na mvua ikaanza tena.