Chumba cha Chini

Asubuhi ile, katika nyumba ya mfano, walikuwepo hawa: mwenye mradi, mchora ramani wake (kijana aliyeitwa Rula kwa kunyooka kwake), fundi mkuu, na muuzaji wa nyumba, mwanamke aliyeanza kazi hapo kwa kufagia vumbi la saruji. Wa tano alikuwa mama yake muuzaji. Alikuja kuitazama nyumba, magoti yakamgomea, akaketi kwenye ngazi ya kwanza.

Jambo lilikuwa moja. Jiji lilikuwa limetangaza kwamba anayenunua nyumba yake ya kwanza hatatozwa ushuru, ilimradi nyumba isizidi mita za mraba sitini. Nyumba zao, zenye chumba cha kulala chini na sebule ya pili juu, zilikuwa na sitini na nane. Tangu siku hiyo wateja waliingia, wakasifu, wakaaga.

"Dawa ni rahisi," alisema Rula. "Tunafuta chumba cha chini. Mita nane kamili, kwaheri."

Muuzaji alikuwa ameiwekea nia nyumba mojawapo kwa ajili ya chumba hicho tu. Yeye na mama yake walikuwa wapangaji kwenye ghorofa ya tatu, na kwa miezi saba mama hakuwa ameikanyaga barabara ila kwa safari za hospitali. Hata leo ameshuka kwa kushikwa mkono, ngazi baada ya ngazi.

Aliona haya kutetea la kwake. Basi akafungua daftari.

"Bosi, samahani. Mteja akiondoka bila kununua, huwa naandika swali lake la mwisho. Hapa wapo arobaini na mmoja. Ishirini na tisa wameuliza: mkiipunguza nyumba, mama, au baba, atalala wapi?"

"Wateja hao!" Rula alicheka. "Dada, mchagua nazi hupata koroma."

"Na muuza koroma hulala nazo," alijibu fundi mkuu.

Mwenye mradi hakucheka. "Sebule ya juu je? Wangapi waliiulizia?"

"Wawili, bosi. Mmoja alidhani ni stoo."

Hapo kicheko kiliwashinda wote. Muuzaji akatandaza ramani, akaweka kidole juu ya sebule ile. "Hii nayo ni mita nane na robo."

Fundi mkuu alitabasamu chini chini. Ni yeye aliyemfundisha kusoma ramani, saa za chai, kwa mkaa juu ya mifuko ya saruji. Na muuzaji, asiyesahau fadhila, alimtupia jicho la shukrani. Fundi akapanda juu na futi yake, akagonga ukuta hapa na pale.

"Huu haubebi kitu, binti yangu," alisema aliposhuka. "Utatoka bila kinyongo."

Rula alipiga hesabu mara mbili, kisha akafunga kalamu. "Nane na robo kweli. Umeniwahi, dada. Ahsante."

Mwenye mradi aligeukia ngazini. "Mama, nawe wasemaje?"

"Mimi nimefika hapa tu, mwanangu. Ya huko juu mtanisimulia."

Mwenye mradi alivua kofia yake ya kazi.

"Sikilizeni nyote. Sebule ya juu inaondoka, chumba cha chini kinabaki, katika nyumba zote arobaini. Daftari hili lije kwenye kila kikao, na mwenye daftari namshukuru. Na mama akija tena, asikae ngazini. Chumba chake kiwe na kiti."