Kona ya Nne ya Kitanda

Babu alizidiwa na homa ya mapafu. Gari la hospitali lilimngoja barabarani, na lifti ya jengo letu ilikuwa mahututi kuliko yeye. Tukaamua kumshusha na kitanda chake. Wabebaji tulikuwa watatu: Bibi, fundi cherehani wa jirani, na mimi.

"Kona ya nne je?" nikauliza.

"Ya Mungu," Bibi akajibu. "Haya, inua!"

Tukainua. Kitanda, bila haya yoyote, kikapanda sawasawa pande zote nne. Fundi akatoa macho.

Ngazini Babu akafumbua jicho moja. "Nani yuko kona ile?"

"Mungu, mume wangu."

"Basi mwigeni. Nyie wengine mnanirusha kama gunia la viazi."

"Bibi, tukiachia wote?" nikanong'ona.

"Thubutu! Yeye ana huruma na mgonjwa. Wewe mzima utashuka ngazi kwa kichwa."

Tulipokaribia chini, mikono yangu ikachoka, kona ikaniponyoka. Kitanda hakikuyumba. Babu akaendelea kupumua, polepole, kama mtoto aliyebebwa.

Nikaikimbilia kona yangu. Sikuona adabu kumwachia Mungu kona mbili, na mgonjwa ni babu yangu.